Salamu za Mama na Gari la Edson

Mteremko baada ya Makere

Nilijua tunakufa pale kaka yangu Edson alipotoa mguu kwenye pedali ya mafuta na gari likazidi kukimbia. Niliuona mguu wake, aliuinua mpaka goti likagusa usukani, lakini injini ililia kama bado anaikanyaga. Tulikuwa tunateremka kuelekea Kasulu, mchana kweupe. Akakanyaga breki. Gari likashika kidogo, likanuka, likaendelea. Akazungusha ufunguo kuzima. Ufunguo ukazunguka bure, maana fundi alikuwa ameshaunyang'anya kazi yake, akafunga swichi ya ukutani, ile ya kuwashia taa ya sebuleni, chini ya dashibodi. Miaka yote Edson anazima kwa ufunguo. Siku hiyo mkono ukaenda ulikozoea, na alipoikumbuka ile swichi tulikuwa tumeshaacha lami.

Mama yetu alikuwa kiti cha nyuma. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Edson, zima mwanangu, nishuke."

Halafu mtaro, halafu ukingo wa udongo, halafu kimya.

Mnaniuliza kilichotokea, ninyi wa hapa Mabamba mliotuona tukiondoka tumevaa vizuri. Na maneno ya Kibondo mmeshayasikia, kwamba bibi mmoja kaua gari kwa salamu. Huyo bibi ni mama yangu. Shule niliishia darasa la nne na sikuwa najua kitu cha gari, lakini hili nimelijifunza kwa damu, na nitalieleza tangu tulipotoka. Aliyetuangusha anaitwa Zabroni. Ana gereji nyuma ya soko la Kibondo. Jina lake nalitaja mwanzoni ili msomapo mjue namtafuta nani.

Mabamba mpaka Kibondo

Mama mkubwa yuko Kagerankanda, upande ule wa Kasulu. Ni yeye na mama tu waliobaki katika tumbo la bibi yetu. Alikuwa amelala kitandani tangu mvua zianze, akatuma neno kwamba anataka kumwona mdogo wake. Mama akasuka kapu, akaweka maharage mapya na asali, akasema twende.

Gari la Edson mnalijua, kile kigari cheupe cha zamani. Kilikuwa kimetoka kwa Zabroni siku chache nyuma. Kilipelekwa kubadilishiwa klachi tu, na kabla ya hapo kilikuwa kinawaka ukigusa. Asubuhi hiyo Edson akazungusha ufunguo, stata ikatoa sauti ya mtu anayekohoa akiwa amelala. Mara moja, mara mbili, ikanyamaza. Taa za mbele zilikuwa zinawaka vizuri, hilo nililiona mwenyewe kwenye ukuta wa nyumba. Edson akasema ni baridi. Huku kwetu milimani kila kitu cha asubuhi tunakisingizia baridi. Majirani mkaja mkasukuma, likawaka.

Sasa tatizo likawa mama. Nyote mnamjua. Mama hamsalimii mtu huku kitu kinanguruma katikati yao. Anasema ni sawa na kumsalimia mtu umempa mgongo. Wala si yeye peke yake. Hapa kwetu hata vijana wa bodaboda wakikutana na mzee wa maana wanazima pikipiki kwanza. Basi tulipofika tu kwa yule mzee mwenye ng'ombe, mama akamgusa Edson begani. "Zima." Edson akazima. Mama akafungua mlango, akashuka, akapiga makofi yake ya heshima, akasema Mwakeye, salamu yetu ya Kiha, wakashikana viwiko, wakaulizana nyumba, watoto, ng'ombe mmoja mmoja, muhogo, na mguu wa mzee ambao ulikuwa unauma tangu sijui lini. Akarudi kwenye gari ana furaha kama amekula.

Gari likakataa kuwaka. Mzee mwenye mguu mbovu akatusukuma.

Ikawa hivyo njia nzima. Tunasalimia, tunazima, tunasukumwa na wale wale tuliowasalimia. Edson akaanza kulalamika kwamba pedali ya mafuta imekuwa nzito, kama anakanyaga matope. Nikamwambia ni viatu vyake vya harusi. Tukacheka. Namwambia kila mtu sasa, pedali ikianza kuwa nzito usicheke.

Gereji ya Kibondo

Tulipofika Kibondo gari likazimika lenyewe karibu na soko, tukalisukuma mpaka kwa Zabroni. Alikuwa anakula mihogo na samaki wa kukaanga, akatukaribisha, na kwa kweli ni mtu mchangamfu. Alimsalimia mama vizuri sana, hata akazima jenereta lake. Hilo ndilo linaniuma zaidi. Adabu anaijua.

Edson akamweleza. Zabroni hakufungua boneti kwanza. Alizungusha ufunguo, akasikiliza kile kikohozi, akasema, "Ufunguo umechoka. Umeme unafika umechelewa." Akapasua waya chini ya dashibodi, akachukua swichi ya ukutani kutoka kwenye droo yake, akaifunga kwa skrubu. Kubonyeza juu ni kuwasha, chini ni kuzima, na kwa stata akaweka kitufe cha kengele ya mlango. Edson akamwambia pedali ni nzito. Zabroni akasema waya wa mafuta ni wa zamani, ataupaka oili. Akaupaka. Hakuugusa kwa mkono, alitumia brashi. Angeugusa baada ya kubonyeza kile kitufe angeungua, na mimi leo ningekuwa na meno yangu ya mbele.

Nikiwa nimekaa pale kusubiri nikaona kitu. Birika lake la chai lilikuwa linaning'inia juu ya makaa kwa mkanda uliosukwa kama nywele za mtoto, wa rangi ya shaba. Nikauliza huo mkanda mzuri ni wa nini. Akacheka.

"Dada yangu, hizi gari za nje wanaziwekea vitu vingi vya ziada. Hiyo nilimpunguzia kaka yako nilipotoa gia boksi. Gari ni lile lile, linatembea."

Edson naye akacheka. Akajisikia amepunguziwa uzito. Tukanywa hata chai ya birika lile.

Kitufe kilipobonyezwa gari likaguna, likaguna tena, likawaka. Zabroni akanyoosha mikono kama mpira umeingia golini. Mama akamwombea baraka kwa Kiha, ndefu, ya watoto na wajukuu.

Kibondo mpaka daraja la Malagarasi

Lami pale ni nzuri, gari likakimbia, tukasahau. Karibu na daraja mama akaona akina mama wanauza uyoga na ndizi, na mmoja alikuwa na mtoto mgongoni analia. Akamgusa Edson begani.

"Mawe," Edson akasema, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kiha, "leo tuwapungie tu mkono."

"Mimi si mwanasiasa," mama akasema. "Zima."

Akazima. Mama akasalimia wote, akampa mtoto kidole chenye asali, mtoto akanyamaza. Uyoga tukanunua, na lile jua, na harufu ya mto, kama si ya baadaye ningesema ni mahali nilipofurahi.

Gari halikuwaka. Halikukohoa hata. Tukasukuma na wale akina mama, kumbe pale pana mwinuko kidogo, tukashindwa. Likaja gari la mwalimu mmoja, Mwalimu Mhina, mtu wa Tanga aliyepangiwa kazi Kibondo. Alisimama bila kuombwa, na alikuwa na waya zake za kubusti betri. Akaziunganisha vizuri: chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, betri yake kwa betri yetu. Akaikanyagia mafuta na injini yake. Edson akabonyeza. Tii. Basi.

Mwalimu akasema hapo betri si tatizo, maana sasa kuna betri mbili na bado. Akasema ni stata imekwama. Akachukua jiwe, akaigonga stata taratibu kama anabisha hodi, Edson anabonyeza. Ikashtuka, ikazunguka kwa uvivu, ikawaka. Wote tukaamini ni stata. Sasa najua kwamba ule waya mweusi wa mwalimu, angeubana tu kwenye chuma cha injini badala ya kichwa cha betri, kila kitu kingejulikana pale pale darajani. Simlaumu. Alisimama. Alichafua shati jeupe. Alimwambia mama shikamoo akiwa ameinama kabisa, na mama akamuuliza ng'ombe wa kwao Tanga hawajambo, akasema kwao hawana ng'ombe, mama akampa pole kama aliyefiwa.

Kitu kimoja tu alisema ambacho tulikiacha kipite. Alivuta pua, akauliza, "Mnanusa kama kamba ya nailoni inaungua?" Edson akasema ni klachi mpya, fundi alimwambia itanuka siku za mwanzo.

Makere

Makere tulisimama kula, na safari hii si mama aliyesema zima, ni njaa. Ugali wa muhogo, migebuka, na mchuzi wenye pilipili. Kwenye benchi letu alikaa Mkongo mmoja anayeuza vitenge, anaitwa Papa Riziki, anatoka kambini Nyarugusu. Mama akamsalimia kwa mtindo wake. Nikawaza, huyu atachoka. Kumbe naye ana wa kwao.

"Mama, nguvu iko? Kule mulitokaka bantu beko bazima?"

Mama akafurahi kuulizwa kama watu wa kwao ni wazima. Akamuuliza ng'ombe. Papa Riziki akasema ng'ombe zake zilibaki Fizi na hajui nani anazikamua. Mama akammegea samaki wake nusu, akauliza majina ya zile ng'ombe. Yule mtu akayataja yote, polepole, na mwishoni alikuwa anatabasamu na macho yamejaa. Nimemwona mama akifanya hivyo maisha yangu yote. Ndiyo maana nashindwa kusamehe.

Tulipotaka kuondoka Papa Riziki akakusanya vijana wakatusukuma. Kabla ya hapo Edson alishabonyeza kitufe mara nyingi, kwa hasira, anashikilia kidole, na kutoka kwenye boneti ukatoka uzi wa moshi, mwembamba, ukapotea. Tukafungua, hatukuona kitu. Tulitazama betri na stata, kwa sababu hizo ndizo tulizoambiwa. Waya wa mafuta uko pembeni, hakuna aliyeutazama.

Likawaka. Edson akasema pedali imekuwa nyepesi sasa. Na kweli ilikuwa nyepesi, kwa sababu waya wake ulikuwa umelainika kwa moto; ulikuja kupoa na kuganda kule mteremkoni, ukiwa umevutwa. Yaliyofuata nimeshaandika juu.

Hospitali, Kasulu

Edson alivunjika mguu, ulibanwa na zile pedali. Mimi niligonga dashibodi kwa mdomo. Mama alitoka na kapu lake mkononi, maharage yamemwagika, asali nzima. Watu wa pale mteremkoni walitubeba, na mmoja alitoa shuka lake la kitanda tukamfunga Edson. Sikumjua jina na namshukuru hapa.

Hospitali walituhudumia. Edson alipowekewa plasta akaomba simu, akampigia Zabroni. Akaiweka kwenye spika, akailaza kifuani. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti pembeni, amemshika vidole vya mguu mzima.

Edson akamwambia gari limetaka kutuua, mafuta yameshika yenyewe.

"Gari nilikupa zima," Zabroni akasema. "Mmewasha mara ngapi njiani?"

Edson akasema mara nyingi, mama alikuwa anasalimia watu.

Zabroni akacheka. Si kicheko kibaya, kile kile cha kwenye birika. "Basi muulize bibi. Stata haitaki kuzimwa zimwa. Kila salamu ni msumari. Bibi ndiye kaliua gari, na mshukuru Mungu hakuwaua na ninyi."

Mama aliviachia vile vidole. Akaweka mikono yake mapajani, akaitazama kama ya mtu mwingine. Nikasema huyo ni mwongo, mama. Muuguzi akaingia, akasema shikamoo bibi, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nikaona mama anasalimiwa na kuitikia kwa kichwa.

Gereji ya Kasulu

Gari lilivutwa mpaka kwa fundi mmoja wa mjini, Fundi Yohana. Mtu wa majivuno huyo, anaongea kama redio, anakuita mteja hata kama ni shangazi yake. Nilimwambia sitaki alitengeneze. Nataka aniambie nani aliyetuangusha.

Akafungua boneti iliyopinda. Akabonyeza kitufe cha Zabroni kwanza, kimya. Akapima betri, nzima. Akatazama stata, nzima. Halafu akachukua waya wa kubusti, mmoja tu, upande mmoja akaubana kwenye hasi ya betri na upande wa pili kwenye chuma cha injini. Akaniambia nibonyeze mwenyewe. Niliogopa. Nikabonyeza, na stata ikazunguka kwa nguvu kama siku ya kwanza, mpaka nikaruka nyuma.

Akanieleza, na nikaelewa, ndiyo maana na ninyi mtaelewa. Umeme ukitoka kwenye betri kwenda stata lazima urudi. Injini imekaa juu ya mipira, haijashikana na bodi, kwa hiyo wanaweka mkanda wa shaba kuiunganisha ili umeme upite kurudi. Mafundi wanauita ethi. Mkanda ukitolewa, umeme hautulii, unatafuta njia nyingine. Katika gari letu njia nyingine ilikuwa waya wa mafuta, unaotoka kwenye pedali kwenda kwenye injini. Ule waya si wa kubeba umeme wa stata. Kila tukibonyeza ulikuwa unapata moto kama jiko, nailoni ya ndani inayeyuka, unaganda. Akauchomoa akanionyesha. Ulikuwa mweusi, umeshikana, haurudi mbele wala nyuma.

Nikamuuliza huo mkanda unafananaje. Akanionyesha kwenye gari jingine. Umesukwa kama nywele za mtoto.

Nilikaa chini kwenye udongo wa gereji. Birika. Tulikunywa chai yake.

Nikamuuliza lile lililokuwa kooni. Mkanda ungekuwepo, mama yangu angeweza kusalimia?

"Mteja," akasema, "angesalimia kutoka Mabamba mpaka Kigoma na kurudi."

Kagerankanda

Edson alibaki kitandani. Mimi na mama tukapanda pikipiki mbili kwenda kwa mama mkubwa. Njiani nilimwambia dereva wake azime tukikutana na mtu yeyote. Tulikutana na wengi, wanawake na majembe, mzee mmoja na baiskeli ya ndizi. Alizima kila mara. Mama hakushuka. Alitazama mbele, na wale watu wakabaki wamenyanyua mikono ya kupiga makofi.

Mama mkubwa alikuwa hai. Alikuwa amekalishwa mlangoni kwenye mkeka, amepakwa mafuta, anangoja. Akanyoosha mikono yote miwili ili washikane viwiko. Wanawake hawa, kama mngewaona zamani, salamu yao ilikuwa inachukua asubuhi nzima, wakianzia na mama yao aliyekufa na kumalizia na kuku. Mama alikaa pembeni yake. Akaweka asali chini. Akasema, "Nimefika."

Mama mkubwa akangoja. Akanitazama mimi. Akauliza, "Mdogo wangu kafanywa nini?"

Nikaeleza yote, waya, mkanda, birika. Mama mkubwa alielewa, akamgeukia mama, akamwambia umesikia, si wewe. Mama akasema, "Huyu ni binti yangu, atasema nini kingine? Fundi ndiye anajua gari, na fundi amesema ni mimi niliyemvunja Edson."

Ninachokitaka

Tumerudi Mabamba na mmemwona. Anakaa uani. Mkipita njiani mnamsalimia na anaitikia kwa kichwa, na baadhi yenu mnadhani ana maringo tangu apande gari. Hana maringo. Anaogopa mkono wake na mdomo wake. Kila pikipiki ikizimwa kwa ajili yake anashtuka, anamwambia kijana washa, washa uende.

Zabroni hapokei simu zetu. Lakini nyuma ya soko anasimulia habari ya bibi wa salamu, watu wanacheka, na imefika mpaka huku. Edson amesema yaishe, mguu utapona. Mzee Filberti, ndugu yetu wa ukoo ambaye Zabroni anamtengenezea pikipiki, amesema tusimharibie kijana kazi. Na yeye namtaja. Mzee Filberti, ulimpa mama yangu pole huku unajua nani alitoa mkanda, kwa sababu nilikueleza, ukarudi Kibondo ukanywa chai ile ile.

Sidai gari. Sidai meno. Nataka Zabroni aje Mabamba. Aje na ule mkanda, autoe kwenye birika lake. Pikipiki yake aizime kule barabarani, atembee mpaka uani, apige makofi, amuulize mama nyumba yake, watoto wake, mguu wa Edson. Angoje mpaka mama amwitikie, hata ikichukua asubuhi nzima. Halafu amwekee mkanda mkononi, aseme kwa mdomo wake mwenyewe, ule ule uliocheka kwenye simu: mama, niliutoa mimi.

Anayekwenda Kibondo amfikishie. Mama yuko uani. Tunamngoja.